Hati ya Kuazima Daraja

Hadithi hii si ya zamani, wala hamna sungura ndani yake. Ni ya juzi tu, mwaka wa uchaguzi, katika nchi iitwayo Neema. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wakubwa wa Neema wanayo ramani yao wenyewe, nzuri, ya rangi, na mimi niliwahi kuonyeshwa. Kijiji chetu cha Luvumbi kimo, mto wetu umo, na juu ya mto limechorwa daraja la zege lenye taa pande zote mbili. Nililitazama sana lile daraja. Nikamwambia bwana wa ramani, "Mwanangu, hili bado halijajengwa."

Akanijibu kwa upole, maana alikuwa na adabu zake, "Bibi, ramani hii ni ya miaka ishirini iliyopita. Wewe ndiye uliyechelewa."

Mimi ni balozi wa nyumba kumi wa Chama cha Kijiko. Jina lake kamili ni refu na lina neno Maendeleo mara mbili, lakini kwenye karatasi ya kura ipo picha ya kijiko, basi hata watoto wanakiita Kijiko. Salamu yetu ni kukusanya vidole na kupeleka mkono mdomoni, kama mtu anayekula. Katibu akisema "Kijiko!" sote tunapeleka mkono mdomoni na kuitika "Tushibe!" Kwenye vidole hamna kitu, lakini salamu ni salamu. Nimekuwa balozi miaka thelathini. Kazi yenyewe ni kujua nani kafiwa, nani kajifungua, nani kaishiwa chumvi. Na mwaka wa uchaguzi, nani atampa nani kura.

Mwaka huo mjukuu wangu Zamda alikuwa na mimba ya tatu. Mama yake alikwisha tangulia, mumewe yuko machimboni mbali, basi tulikuwa wawili nyumbani. Mimba mbili za kwanza hazikutupa mtoto. Ya pili nusura iondoke na Zamda mwenyewe. Alitoka damu mpaka godoro tukalifukia. Nesi Eliwaza wa zahanati alinishika mabega yote mawili akaniambia, "Bibi, huyu asijifungulie nyumbani tena. Akijifungulia nyumbani utamkosa. Mwezi wake ukiingia mlete alale hapa. Nitampa kitanda changu, mimi nitatandika chini."

Zahanati iko ng'ambo ya mto. Ukisimama ukingoni kwetu unaona nguo za nesi zikianikwa. Kinachoua katika mto Luvumbi si maji, maji hufika kiunoni tu. Ni tope la chini. Ukikanyaga linakupokea mguu, ukiuvuta mguu linadai wa pili. Ndiyo maana marehemu mume wangu na wenzake walipasua mbao kumi na mbili za mninga kwa msumeno wa mkono, wakazipigilia juu ya nguzo, tukawa na daraja. Halikuwa kwenye ramani, lakini lilivukika.

Basi jambo lenyewe ni hilo tu, wala si kubwa. Zamda avuke mto.

*

Msije mkadhani Chama hakikutukumbuka. Mbele ya ofisi ya tawi yamepangwa mawe ya msingi saba, yote ya daraja. Kila uchaguzi huja mheshimiwa, huweka jiwe, hupiga picha, hupigiwa vigelegele. Kila jiwe ni bonge la zege linalofika gotini, limepakwa chokaa na kuandikwa jina la aliyeliweka. La kwanza ni la mheshimiwa ambaye sasa ni marehemu. La tano na la sita ni la mheshimiwa mmoja, maana alipokuja mara ya pili alisahau kwamba alikwisha kuja.

Mawe yale yana heshima yake. Hairuhusiwi kuyakalia wala kuanika muhogo juu yake. Mbuzi wa jirani yangu Bi Kuruthumu aliwahi kulala juu ya jiwe la nne, akakamatwa, akawekwa mahabusu siku tatu. Askari mmoja alikuwa akimletea majani asubuhi na jioni. Wema ule siusahau.

Katibu wa tawi letu anaitwa Kitwana. Ni mtu mwembamba, ana mashati mawili na yote ni ya Chama. Mume wangu alipofariki, Kitwana alilala matangani siku saba, na yeye ndiye aliyekuwa akichota maji. Mtu mwema. Ila nyaraka zikimfika kutoka juu, huzisoma kwa kusimama.

Mwaka huo ulikuja Waraka Namba Tisa. Chama cha upinzani kilikuwa kimechukua picha ya ufagio kuwa alama yake. Kwa hiyo, ukasema waraka, kufagia hadharani wakati wa kampeni ni kumpigia debe mpinzani. Mabalozi wapite nyumba kwa nyumba, wakusanye fagio, na kila nyumba waipe kijiko kimoja cha plastiki.

Nikaanza na Bi Kuruthumu, ambaye ni wa Ufagio wala hafichi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bibi Balozi. Umekuja kunifagia?"

"Nimekuja kuuchukua ufagio, mwanangu. Na kijiko chako hiki hapa."

Akakipokea, akakigeuza huku na huku. "Cha plastiki! Nyumba hii ina watu saba, Bibi. Tukipokezane kama buli la kahawa?"

"Ndiyo sera."

"Na ua wangu nifagie na nini? Na kijiko?"

"Waraka haujasema."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniletea ufagio uliokwisha, umebaki njiti kama tisa hivi. Mpya nilikuwa nauona kwa ndani, umeegemea mtungi. Lakini macho yangu ni ya uzee, hayaoni kila kitu. Nilipokuwa natoka akanifungia mayai sita kwenye kitambaa.

"Mpe Zamda," akasema. "Mwambie ni ya Ufagio, ila yanashibisha."

*

Jumapili tulifunga furushi la Zamda: kanga mbili, wembe mpya, uzi, sabuni, na fulana ndogo aliyoifuma mwenyewe mara tatu, maana mara mbili aliifumua. Tulipanga kuvuka Jumatatu asubuhi.

Jumapili hiyo hiyo, alasiri, nikasikia nyundo mtoni. Nikaenda. Nikamkuta Katibu Kitwana na mafundi wanne, wanang'oa mbao za daraja.

"Katibu! Mnavunja daraja?"

"Hatuvunji, Bibi. Tunaliazima."

"La nini?"

Hakunitazama usoni. Akatoa karatasi mfukoni. "Waraka Namba Kumi na Moja. Jukwaa la tawi jirani lilivunjika Mheshimiwa akiwa kwenye ahadi ya pili. Sasa wameagiza majukwaa yote yawe ya mninga. Hapa kijijini mninga ni huu tu."

"Na Mheshimiwa anakuja kufanya nini, Katibu?"

"Kutuahidi daraja."

Fundi mmoja akashusha nyundo.

"Zamda avuke kesho, Kitwana. Wewe unajua."

"Bibi, mkutano ni Jumanne. Jumatano alfajiri nazirudisha kwa mikono yangu hii. Nakuandikia hati kabisa." Akachuchumaa, akaandika juu ya goti lake: *Daraja moja, mbao kumi na mbili, limeazimwa na Chama kwa siku mbili.* Akagonga muhuri, akaupulizia ukauke, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole.

Jumanne tulikaa uwanjani tangu asubuhi. Mheshimiwa Gombanila, mgombea wetu, hakuja. Ukaja ujumbe kwamba amezuiliwa na mapenzi ya wananchi wa tawi jirani, atafika Ijumaa. Ijumaa mapenzi yalikuwa bado. Ikawa Jumanne ya pili. Jukwaa likasimama pale, limefungwa vitambaa vya rangi, na mgambo wawili wakilinda lisikanyagwe.

Nikamwendea Katibu. "Nipe hizo mbao kwa saa moja tu. Nimvushe mtoto, nizirudishe."

"Inawezekana, Bibi," akasema, na uso wake ukachangamka, maana alipenda sana kusaidia. "Ipo Fomu ya Kurejesha Kilichoazimwa. Unaijaza, inasainiwa ofisi ya kata, basi."

"Ofisi ya kata iko ng'ambo."

"Ndiyo."

"Huko nitafikaje?"

"Kwa dara..." akasema. Akaikunja ile fomu taratibu, akairudisha kwenye faili.

Njia ya kuzunguka ni mwendo wa siku mbili, na huko nako lipo daraja la mbao. Tulituma mtu akaangalie. Alirudi akasema nguzo zipo. Mbao zimeazimwa.

Mvua ikanyesha huko milimani, mto ukajaa. Nesi Eliwaza akaja ukingoni kwake, akaweka viganja mdomoni. "Mleteni! Siku zimefika!"

"Daraja hakuna!" nikapiga kelele.

"Liko wapi?"

Mwenyewe niliona aibu kumjibu. Nikanyoosha kidole kule uwanjani, vitambaa vinapepea. Akatazama muda mrefu. Kisha akavua viatu, akapandisha gauni, akaingia majini aje yeye. Hatua nne tu tope likamfika mapajani. Wagonjwa wake wakamtoa kwa kamba ya kisima, na mmoja wa wale wagonjwa alikuwa na mkono uliovunjika. Alivuta kwa mkono mmoja. Nilimwona.

*

Jumanne ya pili, Zamda aliamka na uchungu. Kufika saa nne damu ilianza kuonekana, mapema, kabla ya wakati wake, kama mara ile.

"Bibi," akaniambia, ametulia sana, "ni kama mara ile."

"Si kama mara ile," nikasema. Nilisema uongo. Nikamwachia jirani mwingine, nikaenda uwanjani, nakwenda kama ninavyoweza.

Mheshimiwa alikuwa amefika. Magari kumi na mawili, na la kumi na tatu lilikuwa gari la wagonjwa. Nikafurahi. Dereva wake alikuwa amekaa kivulini mwa gari, anakula embe.

"Mwanangu, nina mjukuu anakufa kwa uzazi. Nipelekee mjini."

Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, gari hili ni la Mheshimiwa. Akiumwa."

"Anaumwa?"

"Hajaumwa bado. Siruhusiwi kwenda mbali naye zaidi ya hatua mia. Wananipimia." Na kweli, chini palikuwa na mstari wa chokaa. Akautazama ule mstari, akanitazama mimi. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akatoa machela ya kubebea wagonjwa na jozi mbili za glovu. "Chukua. Nitasema zimeibwa." Sikumjua jina, na yeye hakuniuliza langu.

Jukwaani Mheshimiwa Gombanila alikuwa kwenye ahadi ya kumi na nne. Ni mtu mnene, na mbao za mume wangu zilimbeba bila kulia.

"Ndugu wananchi!" alikuwa akisema. "Wapo wanaouliza, daraja liko wapi? Nawajibu. Hapa niliposimama, mimi nalihisi daraja! Liko chini ya miguu yangu! Kijiko!"

"Tushibe!" umma ukaitika, mikono mdomoni.

Nikamvuta Katibu shati. "Zamda ameanza. Anatoka damu. Mwambie ashuke, tuchukue mbao."

Kitwana akawa kama amepigwa kofi. "Bibi, akishapanda hashuki mpaka amalize."

"Amalize nini?"

"Ahadi. Ziko arobaini." Akatazama jukwaani. "Na akimaliza ataweka jiwe la nane."

Nilikaa chini, hapo hapo vumbini. Bi Kuruthumu akanikuta hapo. Alikuwa amekuja mkutanoni kuzomea, lakini aliponiona aliacha. Nikamweleza. Hakusema pole. Alikuwa akitazama mbele ya ofisi ya tawi.

"Bibi Balozi," akasema, "yale mawe watu wawili wanayaweza?"

"Yale yana majina ya waheshimiwa, mwanangu."

"Yakiwa chini ya maji hayasomeki."

*

Kina mama wa nyumba zangu kumi waliinuka kwenye viti mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda haja. Vipaza sauti vilikuwa vikubwa, hakuna aliyetusikia. Tulidhani tutachimba, tukaja na majembe, lakini hapakuwa na la kuchimba. Mawe ya msingi yalikuwa yamewekwa tu juu ya mchanga. Yakasukumwa kwa michi ya kutwangia mpaka mtoni.

Walishusha la kwanza. Tope likalipokea, likalimeza nusu, likaliacha. Bi Kuruthumu akasimama juu yake. Maji yakampita magotini, lakini alisimama. Likapokezanwa la pili, la tatu. Kina mama walikuwa wakilia na kutukana kwa zamu. Zamda aliletwa kwenye machela, kanga zimelowa, macho yake yanatazama juu tu. Nikamshika mkono. Nilihesabu mawe yakiingia majini kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Tano. Sita. Saba.

Mto ulihitaji tisa.

"Bado uchaguzi mara mbili," akasema Bi Kuruthumu, akiwa katikati ya mto, na hakuwa anacheka.

Hapo ndipo nikamwona Katibu anakuja mbio. Nikajua tumekwisha. Lakini alikuwa anasukuma toroli, na ndani ya toroli kitu kimefunikwa bendera ya Chama. Akafika, akavuta bendera. Jiwe la nane.

"La leo hili," akasema, anahema. "Rangi haijakauka. Shikeni chini."

Likaingia la nane. Ikabaki nafasi moja, ndefu kama mtu aliyelala, na baada yake ndiyo ukingo, na Nesi Eliwaza amepiga magoti pale amenyoosha mikono.

"La tisa liko wapi?" akauliza mtu.

Katibu Kitwana alivua viatu. Akaviweka ukingoni sawasawa, kimoja kando ya kingine, kama mtu anayeingia msikitini. Akapita juu ya majina yote manane, akaingia majini pale palipobaki. Tope likamchukua mpaka kiunoni, maji mpaka kifuani. Akainama, akashika ukingo wa pili kwa mikono.

"Piteni," akasema.

Wabebaji wakasita. Ni katibu wa tawi.

"Bi Kuruthumu! Pita!"

"Katibu," akasema Bi Kuruthumu, machela begani, "leo Ufagio unakukanyaga."

"Kanyaga, mama! Kanyaga haraka!"

Wakamkanyaga. Wanne, na machela, na Zamda, na aliyekuwa tumboni mwa Zamda. Kila mguu uliomshuka mgongoni ulimzamisha kidogo. Mimi nimekitumikia Chama miaka thelathini, na nimesikia mengi kuhusu viongozi kuwabeba wananchi. Nilikuwa sijawahi kuona.

Mimi sikuvuka. Miguu yangu isingeweza. Nilimwachia Zamda mkono kwenye jiwe la kwanza, lile la marehemu.

*

Kule uwanjani ahadi ziliisha. Mheshimiwa akashuka aweke jiwe, akakuta hakuna jiwe. Akatazama mbele ya ofisi, na yale saba hayapo. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, basi kijiji kizima kilimsikia akiuliza, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa kwake, "Daraja langu liko wapi?"

Polisi walipofika mtoni, Katibu alikuwa amebaki kichwa na mabega. Bi Kuruthumu alikuwa amerudi juu ya mawe, amemkumbatia kwapani asiendelee kuzama, na alikuwa akimsemesha mfululizo, mara anamwita ndugu yangu, mara anamwita mjinga. Askari mmoja aliyevua koti lake la mvua akamfunika nalo ndiye huyo huyo aliyemfunga pingu.

Katibu alishtakiwa makosa matatu: kuiba jiwe la Chama, kudhalilisha majina ya waheshimiwa kwa kuyatia majini, na kujifanya daraja bila kibali cha wizara. Nilimpelekea uji mahabusu. Tulipokezana kwenye dirisha.

"Je, mtoto?" akauliza kabla hajashika kikombe.

"Wa kike."

"Na mama yake?"

"Yu hai, Kitwana. Damu imekwenda nyingi, lakini yu hai."

Akakunywa uji wote. Kisha akaniomba nimwangalizie viatu vyake. Ninavyo. Navikung'uta kila wiki.

Siku ile ile ya mkutano winchi ya msafara ilivuta mawe yote manane, yakaoshwa kwa sabuni. Mbao zikapakiwa kwenye lori. Nikaenda na hati yangu. Afisa wa kampeni aliisoma yote, mbele na nyuma, hakuwa mtu wa kiburi.

"Mama, hati yako ni halali," akasema. "Imeandikwa limeazimwa kwa siku mbili. Ila haikuandikwa siku zipi."

Mbao zetu sasa zinazunguka nchi. Kila zinaposhushwa, Mheshimiwa husimama juu yake akaahidi madaraja. Nasikia hazijavunjika hata mahali pamoja. Mume wangu alikuwa fundi.

Mawe yamerudishwa mbele ya ofisi, na safari hii yamezamishwa kwenye jukwaa la zege yasiweze kutoka tena. Ilitumika mifuko arobaini ya saruji. Nilimpelekea fundi maji ya kunywa, akaniambia kwa kunong'ona kwamba kwa mifuko ishirini angejenga daraja. Nikamwomba asirudie kusema, ana watoto.

Siku ya kura hatukupiga kura, maana kituo chetu kiko ng'ambo. Kijiko kilishinda hapa kwetu kwa kura mia tatu na kumi na mbili. Watu wazima wa Luvumbi ni mia mbili na nane. Mimi balozi ndiye ninayewajua. Nilienda kuuliza hao wengine ni kina nani, nikaambiwa sihitajiki tena ubalozi, nipumzike. Akateuliwa balozi mpya, binti mpole, ananisalimia vizuri.

Zamda yuko ng'ambo bado. Hawezi mwendo wa siku mbili, na hata angeuweza, daraja la kule nalo liko safarini. Kila Ijumaa Nesi Eliwaza humwongoza mpaka ukingoni, Zamda akitembea kwa fimbo, na humnyanyua mtoto juu nimwone. Mtoto amevaa ile fulana. Imemkaa kubwa, na kila Ijumaa naona inazidi kuwa kubwa.

Maziwa ya Zamda hayakurudi. Yalikwenda na ile damu. Nesi anagawana naye posho yake. Sisi huku tunafunga unga kwenye nailoni, na Bi Kuruthumu, ambaye ana mkono wenye nguvu kuliko wanaume wengi, anarusha. Vifurushi viwili vikifika, kimoja mto unakula. Anarusha mpaka bega linamvimba, kisha anabadilisha mkono.

Ijumaa iliyopita tulikuwa ukingoni sote, na balozi mpya alikuwapo na daftari lake. Zamda akamnyanyua mtoto. Mtoto akatutazama, huku watu wengi, kule maji, akakusanya vidole vyake vidogo akapeleka mkono mdomoni. Akautoa. Akaupeleka tena.

"Mnaona!" balozi mpya akafurahi, akafungua daftari. "Hata mtoto mchanga ni wa Kijiko!" Akaandika: *mwanachama mmoja, ng'ambo.*

Wengine wakapiga makofi, na mimi sikutaka kumvunja moyo, ni mtoto wa watu. Lakini mimi nimelea, na nimelelea wenzangu. Mtoto akipeleka mkono mdomoni namna ile, akautoa, akaupeleka tena, mimi najua anachosema.

Nikamgeukia Bi Kuruthumu. Alikuwa amekwisha kuinama kuchukua kifurushi kingine.